Nguzo Iliyoshika

Nyumba yangu ilipigwa picha kabla haijapata mlango wa choo. Nalisema hili mapema ili mnijue. Mimi ni mpambaji wa nyumba, kazi ambayo marehemu baba aliiita kupanga viti vya watu, na nimekula kwayo miaka mingi hapa mjini Kericho. Nina ulimi mkali na macho yasiyosamehe. Nikiingia sebuleni kwa mtu nikute dari ya jipsamu yenye taa za zambarau, maua ya plastiki juu ya televisheni na vitambaa vya kushonwa kwenye kila mgongo wa kiti, kichwa kinaniuma kabla chai haijamiminwa. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba sebule yake inafanana na keki ya harusi iliyosahauliwa. Hakunipigia simu tena.

Nilipojenga yangu, kwenye kiploti pembezoni mwa mji ambapo chai ya shamba kubwa inakuja hadi kwenye ua, niliapa kwamba plastiki haitavuka kizingiti. Kuta za sebule nilizivika mbao za saiprasi zisizopakwa rangi, vifundo vyake wazi. Vikapu vya zamani vya kuchumia chai, vile vya kusukwa ambavyo siku hizi vimeachwa, nilivipindua vikawa vivuli vya taa. Meza ya katikati ni shina la mchai. Mkulima mmoja wa upande wa Kiptere aling'oa michai yake mizee apande mipya, nami nikamwomba shina moja lililojipinda vizuri. Lilioshwa, likakaushwa miezi minne nyuma ya nyumba, likapigwa msasa, likawekewa kioo juu. Mkeka wa mafunjo uliotandikwa chini yake ulitoka kando ya ziwa, na aliyeuleta ni fundi wangu.

Fundi huyo ni mzee wa Kijaluo aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, baba yake akiwa mtu wa boila kiwandani. Kikipsigis anakiongea vizuri kunishinda mimi mwenyewe Mkipsigis, na mbao anazijua kwa kuzinusa. Mimi namwita Jaduong', kwa heshima ya umri wake. Yeye ananiita Madam, na nikimuudhi huniita Madam mara tatu katika sentensi moja.

Nyumba ilikuwa imefika kwenye sakafu baba alipofariki. Alifia nyumbani kwetu Boito, alasiri ya siku ya Alhamisi, katikati ya msimu wa mvua. Mama alinipigia simu asubuhi akaniambia, "Njoo, baba yako anakuulizia." Wakati huo nilikuwa kwa mteja, tunabishana juu ya rangi ya mbao za sakafu. Wapakaji walikuwa wamepaka kahawia yenye wekundu ndani yake, mimi nilitaka kahawia isiyo na wekundu hata kidogo. Nikasema nitaondoka wakishaikwangua. Wakakwangua, nikasema nitaondoka nikiona mkono wa kwanza wa rangi mpya. Saa kumi mama akapiga tena. Alinyamaza kwanza kabla ya kusema, nikajua.

Kwa watu wote, mama akiwa wa kwanza, nilisema kwamba barabara ilikuwa imefungwa. Nilisema udongo umeporomoka karibu na daraja, gari haliwezi kupita, nimekaa kwenye tope tangu saa tano. Hakuna aliyeuliza swali, maana barabara zetu wakati wa mvua zinajulikana. Lakini barabara haikuwa imefungwa. Hilo nililijua peke yangu. Hata wale wapakaji hawakujua kwamba nina mgonjwa nyumbani.

Siku moja kabla ya mazishi, majirani walikata sehemu ya uzio wa baba ili magari na hema vipate pa kuingilia. Uzio ule baba aliupanda akiwa kijana, kutenga chai yetu na ya jirani, kwa nguzo za simotwet, mti wa jamii ya mkuyu unaotoa utomvu mweupe. Nguzo zake zilikuwa zimeshika ardhi na kuwa miti kamili. Wiki mbili baada ya mazishi nilizikuta bado zimelala kwenye nyasi. Moja ilinivutia macho. Ilikuwa nene chini, nyembamba juu, gome lake la kijivu limekunjamana, na karibu na kilele iligawanyika mara mbili, ungedhani ni mtu aliyeinua mikono. Nilimlilia baba wiki zile, sikatai. Lakini pale kwenye nyasi nilichofikiria ni pengo kati ya sebule na chumba changu cha kulia chakula.

Nilimwambia fundi aiache na gome lake, na asiisimamishe juu ya saruji. Nilitaka itoke ardhini. Tukaacha duara la udongo wazi katikati ya vigae, tukalizungushia mawe laini ya mtoni. Fundi aliizunguka nguzo ile mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma.

"Madam, hii mti ni ya kusimamisha kichwa chini."

"Kichwa chini vipi?"

"Upande ya mizizi inaenda juu. Watu wa hapa wote wanajua, hata sisi tulijua huko kwa laini ya wafanyakazi. Ukiisimamisha vile ilikuwa imesimama, inashika."

"Jaduong', haina mizizi, haina majani. Itashika na nini?"

"Mimi nimekuambia tu, Madam."

Kweli nami nililijua jambo hilo. Kila mtoto wa kwetu aliyewahi kushikia baba yake nguzo analijua: ukitaka uzio ulio hai unapanda mti wima ulivyokua, ukitaka nguzo mfu unaupindua. Lakini ukiipindua, unene unakwenda juu, na nguzo nzima inakaa kichekesho. Nikamwambia aisimamishe nilivyotaka. Alipogongomea msumari wa kutundikia taa, tone jeupe lilichuruzika juu ya gome, zito, likafika hadi kwenye mawe. Fundi aliteremka kwenye ngazi akaweka nyundo chini. Nililifuta kwa kitambaa, nikamwambia taa tutaitundika kwingine.

Hapo ndipo nilipomleta mama.

Tangu siku ya mazishi mama alikuwa hajasema neno. Hakulia kaburini, hakuimba, hakuitikia sala. Kwanza tulidhani ni kiharusi. Daktari alimpima kila kitu akasema ulimi mzima, koo zima, kichwa kizima. "Ni huzuni, mpe muda." Lakini katika muda huo alikuwa hali chakula cha kumtosha. Vijiko vitatu vya uji asubuhi, maziwa kidogo jioni. Mikono iliyochuma chai miaka arobaini ikawa mifupa na ngozi, na siku moja akinawa pete ya ndoa ilimponyoka ikaanguka kwenye sinki. Aliiangalia tu pale ilipoanguka. Nilimtoa Boito kwa sababu niliona wazi kwamba tutamzika kabla ya mwaka kuisha, na pia kwa sababu sikuweza kulala. Nilijiambia kuwa nyumba nzuri, yenye harufu ya mbao na vitu vya kwao, itamrudisha. Hivyo ndivyo mtu wa kazi yangu anavyofikiria. Ukiumwa, anakupangia viti.

Nilimwekea kiti karibu na dirisha kubwa, mahali pa kuona chai na milima. Akakikataa. Alikivuta mwenyewe, akiwa dhaifu hivyo, hadi upande wa ndani wa nguzo, palipo na giza, akakaa akilipa dirisha mgongo. Kila asubuhi alikaa hapo. Nilimsemesha, nikamsomea Biblia, nikamwekea redio ya Kikipsigis. Alinitazama jinsi unavyomtazama mgeni anayekawia kuaga.

Katika mwezi wa pili wa kukaa kwake nguzo ilichipua.

Niliona vitone vya kijani asubuhi nikifagia, nikadhani ni kuvu. Siku tatu baadaye vilikuwa majani, madogo, yanang'aa, yamekunjwa. Nilitaka kucheka, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu lilikuwa limevunjika sebuleni kwangu mwenyewe. Kicheko hakikutoka. Dirisha liko upande wa mashariki na mwanga wote wa nyumba unatoka huko. Mmea wowote utauelekea mwanga. Majani yale yalitoka upande wa pili kabisa, upande wa giza, usawa wa uso wa mtu aliyekaa. Yalitoka upande wa kiti cha mama.

Asubuhi iliyofuata nikiwa jikoni nilisikia sauti.

"Umechelewa."

Mama huongea Kikipsigis, haya ninayoandika ni maneno yake niliyoyageuza. Nilidondosha mwiko. Nilikimbia sebuleni nikimwita, nikapiga magoti mbele yake nikamshika mikono, nikasema ndiyo mama, nisamehe, uji ulikuwa bado haujaiva. Hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa anaangalia majani, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba aanze kuugua.

"Ng'ombe mwekundu amekataa kukamuliwa," akayaambia majani. "Anarusha teke."

Akangoja. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama aliyekubali jambo.

Tangu siku hiyo alisema kila asubuhi. Mimi hakunisemesha hata mara moja. Alikaa kwenye kiti chake akaisimulia nguzo habari za nyumbani: mvua ya mawe imeharibu majani upande wa chini, kanisani wamebadilisha kiongozi wa kwaya, jirani amesogeza mpaka kwa hatua moja akidhani watu ni vipofu. Kisha aliomba chakula. Alikuwa anaiomba nguzo. "Waambie waniletee ugali," akasema, nami nikaleta mbio, ugali na mboga za kienyeji na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na alikula akamaliza. Kwa mwezi mmoja mashavu yake yalirudi. Pete ikakaa kidoleni.

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, Mungu ananijua. Lakini nilimwonea wivu mti. Na zaidi ya wivu, niliogopa. Maneno yake sikuyaogopa sana. Kilichonitisha ni vile alivyongoja. Mama alikuwa akisema jambo, halafu ananyamaza muda ule ule ambao mtu mwingine angehitaji kujibu, wala haukuzidi, wala haukupungua. Kisha anajibu kile alichojibiwa. "La, huyo ni mdogo wake." "Nilimwambia, akakataa." Baba alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuvuta pumzi kabla ya kusema, na kimya kile kilikuwa cha kipimo chake. Siku moja nilijikuta nimesimama mlangoni na sufuria mkononi nikingoja jibu. Niliweka sufuria chini nikatoka nje nikasimama mvuani.

Nilimwambia fundi. Akaja, akaangalia majani, akagusa gome kwa kiganja.

"Imeshika, Madam."

"Mbona majani yameelekea huku?"

Aliinua mabega. Mama alikuwa amekaa pale pale, na fundi akamwamkia, "Chamgei, kogo," akimwita bibi kama desturi ya kwetu. Mama alimwitikia kwa kichwa vizuri kabisa. Fundi akaniambia tukiwa mlangoni kwamba dari anaweza kuitoboa kidogo, mti upate pa kupanda. Nilidhani anatania.

Kisha ikaja siku ya ukungu. Ukungu wetu ukiacha dirisha wazi unaingia ndani bila hodi, na mchana ule uliingia mpaka jikoni nilipokuwa nakatakata kabichi. Kati ya jiko na sebule kuna ule ukuta wangu wa saiprasi tu, mbao zenye unene wa kidole gumba, zinapitisha kila sauti. Mama alikuwa akizungumza habari za mvua. Akanyamaza. Kisha akasema, wazi, bila hasira:

"Barabara haikuwa imefungwa."

Kisu kilisimama. Nilingoja. Kimya kilikuwa kirefu kupita siku zote, na ukungu ulikuwa umefika usawa wa meza. Kisha sauti ikasema, chini kidogo, nzito kama ya mtu anayeamka:

"Alikuwa anagombania rangi ya mbao."

Nilibaki nimeshika kisu. Nilijisikia mtoto aliyekutwa. Hakuna mtu aliyejua, nilisema, hakuna, na wapakaji ni watu wa Nakuru, hawamjui mama wala hawajui Boito iko wapi. Niliweka kisu chini nikaenda sebuleni. Mama alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama majani. Dirisha lilikuwa jeupe lote. Majani ya simotwet yalikuwa yakitikisika kidogo, na ndani ya nyumba hakukuwa na upepo.

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichofanya. Baadaye niliwaambia watu kwamba mizizi ingeinua vigae na matawi yangeharibu dari, na yote hayo ni kweli. Lakini sikuukata mti kwa ajili ya vigae. Niliukata kwa sababu sikuweza kungoja asubuhi nyingine nisikie mti utasema nini.

Nilimwita fundi Jumapili, mama akiwa amechukuliwa na jirani kwenda kanisani, ashinde huko hadi jioni.

"Kwani mti imekukosea nini?" akaniuliza.

"Inaharibu nyumba."

"Nyumba naweza rekebisha, Madam. Lakini kogo anaongea, Madam. Mtu alikuwa anakufa, sasa anakula ugali. Wewe Madam unataka nini ingine?"

"Kata, Jaduong'."

"Basi anza wewe."

Nilichukua panga la kupogolea chai nikaanza mwenyewe. Machipukizi yalikatika laini. Utomvu ulitoka mweupe, mwingi, ukanichuruzika hadi kwenye kiwiko, na unanata, haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa kwa siku mbili. Fundi alikata nguzo kwa msumeno akiwa amenigeuzia mgongo. Tulipoinua kisiki tukaona mizizi. Ilikuwa myeupe na myembamba sana, imepita chini ya vigae, yote imekwenda upande mmoja. Tuliifuata tukiinua kigae baada ya kigae. Ilikuwa imefika kwenye mlango wa chumba cha mama.

"Inafuata maji," fundi akasema. "Huko kuna paipu ya bafu."

Kweli paipu iko huko. Tuliing'oa mizizi yote, tukasimamisha nguzo ya saiprasi iliyopigwa randa ikawa laini, nikaipaka vanishi mara mbili. Ilipendeza. Fundi nilimwagiza akapasue ule mti uwe kuni, akaubeba bila kuaga.

Alipokuwa anaupakia kwenye mkokoteni, mama akarudi. Aliingia akaweka Biblia mezani, akavua skafu, akageukia kiti chake. Alitazama nguzo mpya muda mrefu. Kisha akatoka hadi mlangoni akamwita fundi, kwa Kiswahili chake cha soko.

"Fundi, ile kitu yangu mmebeleka wabi?"

Fundi alivua kofia. "Pole, kogo," akasema. Hakuniangalia.

Mama akarudi ndani akakaa, na tangu dakika hiyo akanyamaza.

Safari hii haikuwa kama ya kwanza. Mara ya kwanza alikunywa vijiko vitatu, sasa alifunga mdomo. Nilimlisha kama mtoto, uji ukamwagikia kidevuni. Baada ya wiki moja nilikwenda Boito mwenyewe, nikakata tawi lingine la simotwet kwenye uzio ule ule, nikalisimamisha kwenye ndoo ya udongo kando ya kiti chake. Halikushika. Lilinyauka, likaota kuvu, na mama hakulitazama hata mara moja. Nilimtafuta fundi nimuulize kama kipande chochote kimebaki, akaniambia kwenye simu kwamba alipasua vile nilivyomwagiza. Wiki ya tatu pete ilikuwa kwenye sahani juu ya meza, maana haikukaa tena kwenye kidole chochote. Daktari akasema kama hatakula hadi Jumatatu, nimlete alazwe, na sauti yake haikuwa ile ya kusema mpe muda.

Ilikuwa Jumamosi. Kwetu alasiri mbingu hufunguka, na siku ile ilikuja mvua ya mawe. Ilipiga mabati mpaka nyumba nzima ikawa ngoma, usingesikia hata mtu akikupigia kelele sikioni. Mama alikuwa kwenye kiti chake upande wa giza. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ile nguzo mpya, uso wangu usawa wa magoti yake, na uji ulikuwa umepoa mikononi mwangu. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Na kwa sababu sikuweza kusikika, nilianza kusema.

Nilisema barabara haikuwa imefungwa. Nilisema sikukaa kwenye tope. Ulipiga simu asubuhi nikasema nakuja, na sikuja, na nilijua anakufa, mama, nilijua kwa sababu hujawahi kunipigia asubuhi ya siku ya kuchuma. Nilisema niliogopa kumwona. Ubishi ule nilikuwa naweza kuuacha, nikautumia kama mlango wa kujifungia. Nilipiga kelele kwa sauti yangu yote, na mvua ya mawe ilifunika kila neno. Kisha, jinsi inavyofanya, ikakoma ghafla. Nami nilikuwa katikati ya sentensi. Nyumba nzima ikasikia mwisho wake: "...nikamwacha akiniulizia."

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye mabati. Mama alikuwa akiniangalia mimi.

"Lori la majani ya chai lilipita saa tisa," akasema.

Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Siku ile. Nilikuwa nimemshika mkono, nikasikia honi yake pale kwenye kituo cha kununulia chai. Linatoka huko huko mjini, linapita daraja hilo hilo. Barabara ingekuwa imefungwa, lori lingepitia wapi?"

"Ulijua tangu siku ile?"

"Kwamba barabara ni wazi nilijua kabla hajakata roho."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikifungua mdomo, hilo ndilo lingetoka la kwanza. Na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo nikaufunga." Alimeza mate. "Kisha nikaona majani yametoka, nikasema basi, nitamwambia yeye. Nilikuwa nikimwambia kila siku. Na wewe ulikuwa pale jikoni."

Nikiwa mtu wa kwetu, ningepaswa kuelewa. Mama wa Kipsigis hamkanyi mtoto mzima usoni. Anamkanya ng'ombe akikamua, anamkanya mbuzi, analikanya jembe, na mwenye masikio anajua yanamwendea nani. Utoto wangu wote nilikaripiwa hivyo, nikiwa bado kitandani, yeye akizungumza na ndama nje ya dirisha. Na mimi, mwenye macho yasiyokosa kitu, nikaona mti unaoongea maneno ya maiti, nikauchukulia panga.

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa machozi na kamasi, bila mpangilio wowote. Aliniacha nilie. Kisha akanyoosha mkono wake ule wa mifupa akachukua kikombe mikononi mwangu, akanywa uji, baridi vile ulivyokuwa, funda moja, akapumzika, funda la pili. Nilihesabu kila funda. Alipofika nusu niliona kwamba ninaweza kuuliza.

"Na ile habari ya rangi, mama? Hiyo nani alikuambia?"

"Rangi gani?"

"Uliyosema siku ya ukungu. Kwamba nilikuwa nagombania rangi ya mbao."

Alishusha kikombe. Alinitazama, kisha akatazama ile nguzo laini nyuma ya kichwa changu, kisha akanitazama tena, na niliona machoni mwake kwamba hajui ninachosema.

"Mimi sikusema rangi," akasema polepole. "Nilisema barabara. Basi."

Nilitaka kuinuka kutoka kwenye ile nguzo na sikuweza. Mama alikuwa ameinama karibu, akiningoja, na alingoja muda mrefu, mpaka nikaelewa kwamba sasa ni zamu yangu, na kwamba hakuna mwingine humu ndani wa kumwambia.

Kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia habari ya ile nyumba, ya wapakaji, ya kahawia mbili, moja yenye wekundu na nyingine isiyo nao. Nilimwambia kwamba nilirudi pale mwezi uliopita, na nilisimama juu ya sakafu ile nikashindwa kuona ni nini nilichokuwa nakikataa.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Nje watu walianza kuita, wakitoka kuangalia chai iliyopigwa.

"Na uliipata?" akaniuliza. "Ile rangi uliyotaka?"

"Niliipata, mama."